Foleni Ikifutwa Katikati ya Muamala

Tuseme chama cha msingi kimoja wilayani Urambo, mkoani Tabora, kinanunua tumbaku kwa mfumo wa kompyuta. Mteuzi akishapanga daraja, robota linawekwa kwenye mzani, na mzani unatuma ujumbe wenye namba ya mkulima, daraja na kilo. Ujumbe huo unaingia kwenye foleni ya mizani iliyomo ndani ya broka, yaani seva inayopokea ujumbe kutoka programu moja na kuutunza mpaka programu nyingine iwe tayari kuuchukua. Programu ya mahesabu iliyoko Tabora mjini inauchukua, inapiga hesabu, kisha inatuma jumbe mbili mpya: mmoja kwenye foleni ya makato, ili mkopo wa mbolea ukatwe, na mwingine kwenye foleni ya malipo, ili kinachobaki kiende benki. Kuchukua mara moja na kutuma mara mbili, vyote vimefungwa ndani ya muamala mmoja. Ama vifanyike vyote, ama kisifanyike hata kimoja.

Kabla programu haijathibitisha muamala huo, mtu wa ofisini anayesafisha seva anaiona foleni ya makato, anadhani ni ya msimu uliopita, anaifuta. Sekunde moja baadaye programu inaiambia broka: thibitisha.

Broka ijibu nini?

Swali hili linaonekana dogo, la mafundi peke yao, lakini jibu lake ndilo linaloamua kama makato ya mkulima yataonekana au yatapotea. Broka ikijibu "sawa" na kuudondosha kimyakimya ujumbe wa makato, mkulima atalipwa kile kilichobaki tu, na mkopo wake utabaki kitabuni kana kwamba hajalipa kitu. Baya zaidi, ule ujumbe wa mzani, ambao ndio pekee uliobeba habari za robota lile, umekwisha kuondolewa kwenye foleni ya mizani, kwa sababu kuthibitisha muamala kulikuwa pia ni kukiri kwamba umepokelewa na kazi yake imekwisha. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Mwisho wa msimu vitabu havilingani, na watu wanaanza kumtafuta mwizi ambaye hayupo.

Broka ikikataa, ujumbe wa mzani unarudi kwenye foleni yake, programu inaujaribu tena, inakataliwa tena, na kelele zinaendelea mpaka mtu aamke akaangalie. Ni usumbufu, lakini hakuna kilichopotea. Mimi nasimama upande wa kelele. Hata hivyo msimamo huo hauwezi kuwa amri moja kwa kila foleni, na sababu zake ndizo zinazofanya suala hili lihitaji kufumuliwa taratibu.

Kuchukua si sawa na kutuma

Muamala ulio wazi unaweza kuwa umeigusa foleni kwa njia mbili. Umechukua ujumbe kutoka humo, lakini haujakiri rasmi. Au umetuma ujumbe humo, lakini ujumbe huo bado umefichwa, hakuna mpokeaji anayeuona mpaka muamala uthibitishwe. Watu wengi hulijadili suala hili kana kwamba njia hizo ni moja, na hapo ndipo mjadala unapokwama.

Chukua ile ya kwanza. Programu imechukua ujumbe kutoka foleni ambayo sasa imefutwa, na inathibitisha. Ilichotaka ni ujumbe ule uondoke kwenye foleni. Umekwisha kuondoka, pamoja na foleni yenyewe. Anachotaka mthibitishaji na hali ilivyo vimekutana, kwa hiyo broka haina sababu ya kukataa. Ipokee ukiri huo, isifanye lolote, ijibu kwamba imekamilika. Muamala ukitenguliwa badala ya kuthibitishwa, ujumbe uliopaswa kurudi foleni hauna pa kurudi. Ufe pamoja na foleni yake, au kama foleni ilikuwa na utaratibu wa kupeleka jumbe zilizoshindikana mahali pengine, uende huko. Kosa pekee hapa ni broka kuanguka kwa sababu imejaribu kurudisha kitu kwenye foleni isiyokuwepo, na hilo ni kosa la msimbo tu.

Ya pili ndiyo ngumu. Kanuni ya miamala inataka matokeo yake yafanane na kana kwamba kazi zilifanyika moja baada ya nyingine bila kuingiliana. Mtu anaweza kusema: basi tuhesabu kwamba muamala ulitangulia, ujumbe wa makato ukaingia, halafu foleni ikafutwa na vyote vilivyomo. Kwa hesabu hiyo ujumbe umepotea kihalali, na broka iliyojibu "sawa" haikudanganya. Hoja hii ina nguvu, na watu makini wanaishikilia.

Inavunjika mahali pawili. Kwanza, aliyefuta foleni alipata jibu la "imefutwa" kabla muamala haujathibitishwa. Kwa mtu yeyote anayetazama kutoka nje, kufuta kumetangulia, na kuthibitisha kumefuata. Broka haiwezi kupanga upya matukio ambayo watu wameyaona kwa macho. Pili, kufuta foleni mara nyingi huja na sharti. Katika AMQP 0-9-1, itifaki (yaani kanuni za mazungumzo kati ya programu na broka) iliyotolewa mwaka 2008 na ambayo broka iitwayo RabbitMQ imeijengea jina, unaweza kusema: futa iwapo tu foleni ni tupu, au iwapo tu hakuna anayeitumia. Mtu amefuta kwa sharti la utupu na akaambiwa foleni ilikuwa tupu. Leo huwezi kusema kwamba ujumbe wa makato uliingia kabla ya hapo, maana ungeingia, foleni isingekuwa tupu na isingefutwa. Majibu mawili ya broka yatakuwa yanapingana.

Kutokana na hili napata kipimo kimoja ambacho broka nzuri haipaswi kukikosa: mtu anayetuma ndani ya muamala asipate ulinzi mdogo kuliko anayetuma bila muamala. Kama kutuma kwa kawaida kwenye foleni iliyofutwa kungerudisha kosa, kuthibitisha muamala wenye ujumbe kwenye foleni hiyo nako kurudishe kosa, na muamala mzima utenguliwe.

Waandishi wa AMQP 0-9-1 waliliona tatizo hili na wakaliacha wazi kwa makusudi. Maelezo ya itifaki yanasema kwamba muamala unaogusa foleni nyingi unaweza usiwe wa yote-au-hakuna, kwa kuwa foleni huundwa na kufutwa kwa wakati wake na matukio hayo si sehemu ya muamala wowote. Yanaongeza kwamba tabia ya muamala pamoja na alama ya lazima, ile inayotaka ujumbe usio na pa kwenda urudishwe kwa mtumaji, haijafafanuliwa. Kwa hiyo mfano wetu wa Urambo, wenye foleni tatu ndani ya muamala mmoja, uko nje kabisa ya ahadi ya itifaki hiyo. RabbitMQ nayo iko wazi kwenye nyaraka zake: haitoi uhakika wa yote-au-hakuna hata kwa muamala wa foleni moja pale seva inapoanguka katikati ya kuthibitisha. Inawashauri watumaji watumie uthibitisho wa kila ujumbe badala ya miamala, na inaeleza kwamba miamala inaweza kushusha kasi kwa mara 250. Ni ukweli wa kuheshimiwa. Lakini mtengeneza programu aliyeona neno muamala akadhani ni lile lile la kanzidata ataumia, na wengi hawasomi mpaka mwisho wa ukurasa.

Foleni za kudumu na foleni za kupita

Nilisema kukataa hakuwezi kuwa amri moja, na foleni za majibu ndizo zinazonifanya niseme hivyo.

Programu nyingi huuliza swali kupitia broka na kufungua foleni ndogo ya muda ya kupokelea jibu. Karani wa chama anabonyeza kitufe kuona deni la mkulima. Simu yake inafungua foleni ya muda, inatuma swali, inasubiri. Mtandao ukikatika, foleni ile inafutwa yenyewe, kwa sababu iliishi kwa ajili ya muunganisho ule tu. Huku mjini, programu ya mahesabu imekwisha kulichukua swali, imeandika kumbukumbu kwenye foleni nyingine, imetuma jibu kwenye foleni ya muda, na sasa inathibitisha.

Broka ikikataa hapa, swali linarudi kwenye foleni ya maswali. Programu inalichukua tena, inafanya kazi ile ile, inatuma jibu kwenye foleni ambayo haitarudi kamwe, inakataliwa. Inazunguka hivyo bila mwisho, na maswali ya makarani wengine yanasubiri nyuma yake. Mteja mmoja aliyekatikiwa mtandao anaweza kuisimamisha huduma nzima. Kwa foleni ya namna hii, kumdondoshea jibu lake ndiko sahihi: mwenye jibu hayupo, na kuondoka kwake hakupaswi kuharibu kazi ya wengine.

IBM MQ, broka iliyotumikia mabenki kwa miongo mingi, imeyatenganisha mambo haya ndani ya bidhaa moja. Foleni ya muda inapofungwa na aliyeiunda, inafutwa pamoja na jumbe zake zote, hata zile ambazo hazijathibitishwa, na miamala inayohusika haitenguliwi kwa sababu hiyo. Ila foleni ya kudumu iliyoundwa na programu haikubali. Ukijaribu kuifuta wakati kuna kuchukua au kutuma ambako hakujathibitishwa, unarudishiwa kosa namba 2055, linalomaanisha foleni si tupu. Hata ukitumia chaguo la kufuta pamoja na jumbe zote zilizomo, bado inakataa mradi kuna muamala wazi juu yake. Jumbe zilizothibitishwa unaweza kuamua kuzitupa, kwa sababu unazijua. Zile zilizo ndani ya muamala wa mtu mwingine bado si zako kuzitupa.

Naona huo ndio mgawanyo unaofaa kuigwa, na tazama unachofanya: unamkatalia anayefuta, wala si anayethibitisha. Kwenye mfano wetu, mtu wa ofisini Tabora ndiye angepata kosa, pale pale, akiwa amekaa mbele ya skrini na uwezo wa kujiuliza kwa nini foleni ya msimu uliopita ina muamala unaoendelea. Programu ya mahesabu isingejua kitu. Kosa limeangukia kwa mwenye uwezo wa kulitatua.

Njia hii ina gharama yake. Mtumaji aliyefungua muamala akausahau anaweza kuizuia foleni isifutike kwa muda usiojulikana. Dawa yake ni ukomo wa muda wa muamala. Kafka, mfumo mwingine wa kupitishia jumbe, ambao ulipata miamala katika toleo la 0.11 mwaka 2017, humpa mtumaji sekunde 60 kama hakupanga vingine, na broka yenyewe kwa kawaida haikubali zaidi ya dakika 15. Muda ukipita, muamala unatenguliwa bila kumsubiri mwenyewe. Broka inayotaka kuwakatalia wanaofuta foleni lazima iwe na saa ya namna hii, la sivyo msimamizi atakosa njia na ataishia kuzima seva.

Muamala uliokwisha kuahidi

Kuna hali moja ambayo ndani yake hakuna mjadala, na ni rahisi kukosewa na wanaoandika broka mpya.

Mfumo unapounganisha broka na kanzidata katika muamala mmoja, kuthibitisha hufanyika kwa hatua mbili, kwa utaratibu wa XA uliochapishwa na X/Open, muungano wa kampuni za kompyuta, mwaka 1991. Katika hatua ya kwanza msimamizi wa muamala, yaani programu inayoratibu pande zote, anauliza kila upande: uko tayari? Upande ukijibu ndiyo, umeahidi kwamba ukiambiwa kuthibitisha utathibitisha, hata umeme ukatike katikati na seva iwake upya. Katika hatua ya pili amri yenyewe inakuja. Kati ya hatua hizo kunaweza kupita nusu sekunde, au saa nzima ikiwa msimamizi wa muamala ameanguka.

Foleni ikifutwa katika nafasi hiyo, broka haina tena haki ya kukataa. Kanzidata ya benki inaweza kuwa imekwisha kuthibitisha upande wake kwa kuamini ile ndiyo. Kukataa sasa ni kuvunja ahadi, na nusu ya muamala imesimama huku nusu nyingine imeanguka. Kunyamaza na kudondosha ujumbe ni kuvunja ahadi ile ile kwa siri. Kwa hiyo kabla ya kujibu kwamba iko tayari, broka inapaswa kuishika foleni kwa namna ambayo amri ya kufuta itakataliwa au itasubiri.

Kusubiri kunaweza kufanywa vizuri. Foleni inaondolewa jina lake mara moja, hakuna mtumaji mpya anayeiona, hakuna mpokeaji mpya anayekubaliwa, lakini mwili wake unabaki ndani ya broka mpaka muamala wa mwisho ulioahidi utoe uamuzi. Hivyo ndivyo Linux inavyofanya kwa faili lililofutwa huku programu bado imelifungua: jina linatoweka kwenye folda, data inabaki mpaka wa mwisho afunge. Sharti ni kwamba aliyefuta aambiwe kwamba kufuta kumekubaliwa lakini hakujakamilika, wala asiambiwe kwamba kumekwisha.

Jina lile lile, foleni nyingine

Mtu aliyefuta foleni ya makato kwa bahati mbaya hufanya nini akigundua? Anaiunda upya, kwa jina lile lile. Yote yanaweza kutokea ndani ya muda wa muamala mmoja. Broka inayotafuta foleni kwa jina wakati wa kuthibitisha itaikuta, itatumbukiza ujumbe, na kila kitu kitaonekana kimeponyeka. Kwa kutuma, pengine kweli kimeponyeka. Lakini foleni mpya inaweza kuwa imeundwa bila hifadhi ya kudumu, au na mtu mwenye ruhusa tofauti, au kwa kazi nyingine kabisa.

Kwa kuchukua ni hatari zaidi. Ukiri unaosema "nimemaliza ujumbe namba 7" ukipelekwa kwa jina, unaweza kufuta ujumbe namba 7 wa foleni mpya, ambao hakuna mtu aliyewahi kuusoma. Ndiyo maana kila foleni inapaswa kuwa na kitambulisho cha ndani kisichorudiwa, na muamala ushike kitambulisho hicho tangu mwanzo. Pale ambapo mtumaji alituma kwa anwani ya kugawia, kama zile eksichenji za AMQP 0-9-1, na hakuwahi kuitaja foleni, inakubalika broka kutafuta njia upya wakati wa kuthibitisha. Alichoomba mtumaji ni kufikishiwa kwa anwani. Ukiri wa kupokea hauna ruhusa hiyo hata mara moja.

Kitambulisho hicho hicho ndicho kinachookoa seva inapowaka upya. Broka nyingi huandika kila tukio kwenye daftari la diski kwa mpangilio: muamala umeahidi kutuma kwenye foleni fulani, foleni imefutwa, foleni imeundwa. Baada ya umeme kukatika na kurudi, daftari linasomwa upya tangu mwanzo. Likikutwa na ahadi inayoelekea foleni iliyofutwa, na msimbo haukutarajia hali hiyo, seva inaweza kukataa kuwaka kabisa, na siku ya soko foleni zote zinasimama kwa ajili ya moja iliyofutwa. Kufuta foleni kuandikwe kwenye daftari baada tu ya ahadi zake zote kuamuliwa.

Kwa anayeendesha seva

Mtu wa Tabora hawezi kuandika upya broka aliyoinunua au kuipakua. Anaweza kubadili utaratibu wa kufuta. Azime kwanza watumaji wa foleni hiyo, awaache wapokeaji wamalize kilichobaki, ndipo afute, na afute kwa sharti la utupu na la kutotumika. Hata hivyo asiuamini utupu unaoonekana kwenye skrini peke yake: jumbe zilizotumwa ndani ya muamala ambao haujathibitishwa huenda zisihesabiwe hapo, na katika baadhi ya broka zile zilizochukuliwa bila kukiriwa huonyeshwa katika safu tofauti. Aangalie safu zote, na asubiri muda unaozidi ukomo wa muamala mrefu kuliko yote.

Kwa upande wa programu, jibu la kuthibitisha lisomwe na lifanyiwe kazi. AMQP 1.0, toleo la baadaye lililopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2012, ina kosa maalumu la rasilimali iliyofutwa na jingine la muamala uliotenguliwa. Programu inayoyatenganisha makosa hayo mawili inaweza kujaribu tena pale panapofaa, na kusimama na kuita mtu pale ambapo foleni haipo tena. Inayoyachukulia yote kuwa ni "mtandao umesumbua" itazunguka usiku kucha.

Na ikiwa foleni imekwama kwa sababu ya muamala ulioahidi ambao msimamizi wake hapatikani, usiharakishe kufuta mafaili kwenye diski. Broka zenye hatua mbili huwa na amri za kuorodhesha miamala iliyobaki kwenye shaka. Katika IBM MQ ni dspmqtrn ya kuonyesha na rsvmqtrn ya kuamua. Tazama kwanza kanzidata ya upande wa pili ilithibitisha au ilitengua, kisha iamuru broka ifanye vivyo hivyo. Muamala ukishaamuliwa foleni inaachiwa, na hapo inaweza kufutwa kwa amri ya kawaida.